Dhiraa Mia Tatu za Konde

Al Khoudh, Maskati
12 Januari 2025

Mjukuu wangu Osama,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nyumba nzima haijambo na wote wanakusalimu. Paka aliyekuwa akilala juu ya begi lako bado anazunguka chumbani kwako na kupiga makelele. Dada yako Maram anaendelea na masomo yake chuo kikuu, na ananipeleka kwa gari kila ninapotaka, ila ananigombeza kuwa nafunga mlango kwa nguvu. Goti langu linauma kwa baridi hii, lakini halijanizuia kwenda arusini. Nasikia kampuni yenu imeshaanza kupima barabara huko Pemba. Kula vizuri, mume wangu, nisije nikaletewa mifupa.

Nnakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siiamini. Nikisema neno Maram anasikiliza, na nikikutumia sauti inafika kwa mtu mwengine. Barua hii atakuletea Safwan, mtoto wa jirani, anayesafiri wiki hii.

Sasa nisikilize. Hapa karibu inajengwa skuli mpya ya watu wetu, na mkuu wake, Ustadh Marhoon, anataka chumba cha hisabati kiitwe kwa jina la Sheikh Jaifar bin Khattab, baba wa babu yangu. Alikuja mwenyewe kuniomba idhini. Nilifurahi mpaka nikampa halwa yote iliyokuwamo ndani. Lakini kamati ilipokutana, Ghaliya wa Wattaya, yule anayekaa nyuma ya maduka ya magari, akapeleka ujumbe kuwa jina hilo likitundikwa, yeye atawaambia watu siku ya ufunguzi kuwa Sheikh Jaifar alikuwa mwizi wa mpaka.

Kisa chenyewe ni cha zamani kuliko miye. Shamba letu la mikarafuu na lao yalipakana huko Pemba, na mpaka aliupima Sheikh, maana hapakuwa na mpima mwengine aliyeaminiwa. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana mbele ya watu, na maneno yao kila mtoto wa nyumba hizi mbili ameyahifadhi: "Kutoka kisimani mpaka jiweni, dhiraa mia tatu za konde." Hiyo ndiyo sehemu yao. Konde ndilo shamba, ndivyo wazee walivyokuwa wakiita. Na dhiraa ni mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Watu wa Ghaliya wanasema Sheikh aliwapunja. Sisi tunasema zilitimia, ila Sheikh alikuwa mfupi na mkono wake ulikuwa mfupi. Nnajua jawabu hilo halijapata kumridhisha mtu.

Weye ni mpima, na Mungu kakupeleka huko huko. Nenda kapime, uniandikie kuwa Sheikh hakuiba. Ufunguzi ni mwezi wa Juni. Nnataka kuliona jina lake ukutani kabla sijafa, na sitaki lichafuliwe mbele ya watoto wa watu.

Bibi yako akupendaye,
Mwanamize


Chake Chake, Pemba
9 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya goti. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya samaki, kwa sababu Safwan alipitia kwanza harusi ya binamu yake Unguja na akaisahau ndani ya mfuko wa sokoni. Mimi mzima wa afya. Nakula pweza mpaka nimekuwa na mashavu, kwa hiyo mifupa usiiogope. Mwambie Maram asimpe paka maziwa ya kopo.

Nimefika shambani. Siku hizi linalimwa na mama mmoja mkarimu, na nilipomtajia jina la Sheikh Jaifar akanikaribisha kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Kisima kipo na bado kinatoa maji. Jiwe la mpaka lipo pia, limefunikwa na majani, tukalifyeka. Mashine yangu ya kupimia imekwenda barabarani, ikirudi nitaifanya kazi yako. Sitatumia mkono wangu, nitachukua wastani wa mikono ya watu wengi.

Lakini Bibi, nimesimama pale kisimani nikaona aibu. Huyu ni mzee wangu, na kazi aliyoifanya ndiyo yangu, na sijui lolote juu yake isipokuwa jina. Nisimulie. Na jingine ambalo tangu utotoni naogopa kuuliza: kwa nini kila harusi wewe unakaa upande huu na Bibi Ghaliya upande ule?

Mjukuu wako,
Osama


Al Khoudh, Maskati
24 Februari 2025

Mume wangu Osama,

Marahaba zote mbili. Hapa tunajitayarisha na Ramadhani. Nimeshanunua dengu, unga na tende, na Maram kanifundisha kuagiza vitu kwa simu, nikaagiza vitunguu nikaletewa magunia mawili. Majirani wote sasa wana vitunguu.

Umeniuliza la Sheikh na nimefurahi. Alizaliwa Unguja mjini, na alipobaleghe baba yake akamleta huku Maskati kusoma. Alisoma dini na hesabu, na hesabu ndiyo iliyomkamata. Alijua kupima urefu wa mnara kwa kivuli chake bila ya kupanda ngazi. Aliporudi akahamia Pemba, akawa anapima mashamba ya watu na kugawa mirathi, na jioni anasomesha watoto barazani kwake. Hakuwa na ubao. Alikuwa na sinia la mchanga, mtoto anaandika hesabu kwa kidole, akikosea anaufuta.

Bibi yangu alinihadithia kuwa wakati wa chakula Sheikh hakumruhusu mtu kugusa mkate mpaka watoto waugawe kwa hesabu ya mirathi. Maiti alikuwa yeye mwenyewe. Mke thumni yake, fungu moja katika manane, watoto wa kiume mara mbili ya wa kike, na kadhalika. Basi anakaa pale mzima, ananyamaza, anasikiliza anavyorithiwa, na mtoto akikosea anafufuka na kumkosoa. Mkewe alikuwa akisema kila siku anakuwa mjane mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Watoto waliosoma pale ndio waliokuja kuwa makadhi na makarani, na aliwasomesha wa kike na wa kiume, na hakuchukua malipo kwa mtoto wa masikini.

Ama Ghaliya, sina la kusema. Wiki iliyopita tulialikwa arusi moja tukakalishwa meza moja. Sikumtazama hata mara moja. Alivaa gauni la kijani la zari, pete tatu mkono wa kulia, kahawa anakunywa bila ya tende siku hizi, na kikohozi chake hakijapona.

Umeshapima?

Bibi yako


Chake Chake
20 Machi 2025

Bibi yangu mpenzi,

Ramadhani karimu. Natumai funga inakwenda vizuri na kwamba vitunguu vimepungua. Hapa mvua zimeanza mapema, na jana tulifuturu huku paa linavuja na kila mtu ameshika sahani yake mahali pakavu. Kuna mama hapa anapika mkate wa kumimina ambao ningeweza kuuandikia kurasa kumi. Watu wa kazini wananiita Mwarabu anayejua Kiswahili, nami nawaambia kuwa Kiswahili nimekipata jikoni kwako.

Kisa cha mkate na mirathi nimekisimulia hapa wamecheka wote. Barabara imechelewa kwa sababu ya matope. Mashine imeingia unyevu kidogo. Msalimie Maram, na umwambie kitabu alichokitafuta nimekipata.

Mjukuu wako,
Osama


Al Khoudh, Maskati
5 Aprili 2025

Osama,

Eid mubarak. Nyumba ilijaa watu, tulipika shuwa, ile nyama ya kufukiwa shimoni, na nilikosa mtu wa kunibebea sufuria.

Umeniandikia mvua, paa, mkate wa kumimina na unyevu. Nimekulea, mtoto weye. Ulipovunja birika langu la kahawa ulikuja kunisifu kanga niliyovaa. Umepima na jawabu hulipendi.

Basi na miye ntakwambia nililokataa kukwambia. Ghaliya alikuwa shoga yangu. Tulizaliwa mwaka mmoja, yeye upande ule wa mpaka na miye upande huu, na tulikunywa maji ya kisima kimoja. Tulipohamia huku Maskati, alinitafuta mpaka akanipata. Siku ya hina yangu wanawake walikuwa wanakata vitambaa vya bi harusi, na Ghaliya akasema kwa sauti, "Kipimeni kwa mkono wa mtu mwengine, ukoo huu mikono yao mifupi!" Ukumbi mzima ukacheka. Na miye ndiye bi harusi, uso umefunikwa, siruhusiwi kusema neno. Nilikosa kumjibu siku ile, na nikakosa kusema naye mpaka leo.

Sitaki kufichwa. Niandikie.

Mwanamize


Chake Chake
21 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe. Birika lile bado linanisumbua na sasa nimeongeza jingine.

Nilipima tangu mwanzo wa Machi. Nikapima tena siku ya pili, kisha nikamwita mwenzangu apime naye bila kumwambia ninachotafuta. Nikachukua mikono ya wanaume wa kazini, wafupi kwa warefu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kutoka kisimani mpaka jiweni hazifiki dhiraa mia tatu. Zinapungua kwa mistari mitatu ya mikarafuu, ndivyo hasa wanavyodai watu wa Bibi Ghaliya. Hata nikichukua mkono wa mtu mfupi kuliko wote hazitoshi. Na jiwe halikusogezwa, limejengewa kwa chokaa mahali pake.

Sikujua nikuandikie vipi. Tangu uliponisimulia nimekuwa nampenda huyu mzee. Nilikuwa nikiweka mashine chini namwambia moyoni, Sheikh, nisaidie basi. Labda alikosea tu, hata mimi hukosea. Lakini mtu aliyejua kupima mnara kwa kivuli, atakoseaje shamba?

Wewe ndiye mwenye uamuzi. Utakalosema mimi nitalifuata.

Osama


Al Khoudh, Maskati
11 Mei 2025

Mjukuu wangu, mume wangu, jicho langu,

Sote wazima, joto limeshaanza, Maram kafaulu mtihani wake na anajiona. Ngoja nikuhadithie kwa mpango, maana nnaandika huku nnacheka.

Barua yako nililia nayo siku mbili. Ya tatu nikasema, basi. Jina la Sheikh siwezi kulitundika juu ya uwongo, na Ghaliya haiwezekani alisikie hilo kwa mtu mwengine. Nikavaa, nikachukua halwa, nikamwambia Maram anipeleke Wattaya. Njia nzima Maram alikuwa akinitazama kama nimeshikwa na homa.

Mlango ulikuwa wazi. Ghaliya yuko chini sakafuni, kazungukwa na kitambaa cha mapazia alichokinunua soko la Hamriya. Aliponiona akashika kifua.

"Mwanamize? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukwambia kuwa ulisema kweli. Osama kapima. Sheikh wetu kakupunjeni. Kesho ntamwambia Ustadh Marhoon jina aliache."

Nilidhani atafurahi, lakini alikuwa kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kaa kitako basi," kasema, "unanizibia mwanga. Shika ncha hii."

Nikaishika. Naye akaanza kupima pazia lake, na miye nikaona anapima kwa ngumi, vidole vyote kavifumba.

"Wapima vipi weye? Fungua vidole!"

"Nifungue kwa nini? Nshazowea hivi. Mama alikuwa akiuza vitambaa, umesahau? Dhiraa kamili unafungua, dhiraa konde unafumba."

"Dhiraa nini?"

"Konde!" Na akanitilia ngumi mbele ya pua.

Osama, tulitazamana. Ngumi ilikuwa bado iko hewani. Maram ndiye aliyesema polepole, "Bibi, si ndiyo makonde ya kupigana?" Konde ni shamba, na konde ni ngumi, na sisi nyumba mbili nzima, vizazi na vizazi, tumekaa tunagombana kwa neno ambalo kila mmoja wetu analijua kwa maana zote mbili! Dhiraa mia tatu za konde, yaani za mkono uliofumbwa. Ghaliya kapima mapazia kwa konde umri wake wote, na maneno ya wazee kayasema umri wake wote, na hayakupata kukutana kichwani mwake. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamsugua mgongo, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nimemshika.

Halafu akanambia jambo lililonitoa machozi tena. Bibi yake mzaa mama alisoma hesabu kwa Sheikh Jaifar. Ugomvi ulikuwa umepamba moto, baba mtu anamtukana Sheikh asubuhi mbele ya msikiti, na jioni bintiye yuko barazani kwa Sheikh anagawa mkate, na Sheikh hakumrudisha hata siku moja. Hesabu ile ndiyo waliyouzia vitambaa, yeye na mama yake Ghaliya baada yake. Nikamuuliza kwa nini hakupata kulisema. Kasema, "Ningelisema, ningebaki na hoja gani?"

Sasa nenda kapime tena kwa ngumi, uniandikie. Usimpigie Maram simu. Nnataka kulisoma mwenyewe, nimekaa.

Bibi yako, na Ghaliya anakusalimu. Kasema ufumbe sawasawa.


Chake Chake
1 Juni 2025

Bibi yangu, na Bibi Ghaliya,

Shikamooni nyote wawili. Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaitazama kwa muda, maana sikuwahi kudhani nitaiandika.

Niliwapanga watu wote wa kazini foleni na kuwaambia wafumbe ngumi. Msimamizi akaja mbio akidhani kuna vita. Tukapima mikono, kiwiko mpaka ngumi, tukachukua wastani, tukaenda shambani. Bibi, zimetimia. Zimetimia na zimezidi. Jiwe liko mbele kidogo ya mia tatu, upande wa kuwapendelea watu wa Bibi Ghaliya. Naamini alipofika mwisho wa hesabu aliona mkarafuu mmoja umekatwa na mpaka, akasogea hatua moja ili mti wote uwe wao. Mti wenyewe haupo tena, lakini shina lake la zamani tumelikuta pale.

Sikufichi, nilikaa juu ya lile jiwe nikalia. Yule mama mwenye shamba akaniletea maji ya kisima. Hakuiba, Bibi. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Safwan anaondoka Jumatano, nimemwapiza asipitie harusi yoyote.

Osama wenu


Al Khoudh, Maskati
22 Juni 2025

Osama wangu,

Assalamu alaykum, na usikasirike mpaka umalize kusoma.

Sote wazima. Joto halisemeki, paka kahamia ndani ya bafu. Ufunguzi umepita salama. Ghaliya hakungoja jibu lako. Siku mbili tu baada ya miye kwenda kwake alimfuata Ustadh Marhoon, akamwambia jina litundikwe, lakini waandike Mwalimu kwanza na Mpima baadaye. Ustadh kaandika hivyo hivyo, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, juu ya mlango. Niliposimama chini yake nililia mbele za watu bila ya kuona haya. Watoto waliingia mbio kugombania viti, hawakusoma hata herufi moja, na nadhani Sheikh angependa hivyo.

Barua yako aliileta Safwan jana, safari hii haina harufu ya samaki. Ghaliya alikuwa hapa. Siku hizi anakuja Jumamosi na Jumanne, na siku nyengine nakwenda miye. Maram anasema amekuwa dereva wa teksi. Nikachukua kisu niifungue, na Ghaliya akaniwekea mkono juu.

"Na ikiwa za konde hazikutosha?" kaniuliza.

"Basi tumewapunja."

"Na ikiwa zimetosha?"

"Basi wazee wenu wamemsingizia."

"Haya, basi usifungue," kasema. "Ikiwa hivi utanuna weye, ikiwa vile ntanuna miye, na miye nimechoka kununiwa."

Maram alitaka kupasuka. Alitaka kuisoma yeye kwanza, nikamkataza. Nnajua Sheikh mwenyewe angenigombeza, mtu wa hesabu hawezi kuvumilia jawabu lililopo lisitazamwe. Na nnajua umehangaika, na huenda umeniandikia maneno mazuri sana. Nisamehe, baba. Ukija, usituambie, na usitutazame kwa jicho la kutaka kusema.

Tumeitia ndani ya sanduku langu la nguo, chini, imefungwa vile vile. Tukishazikwa wote wawili, itoe uwasomee watu. Hivi sasa hatuna nafasi nayo. Tuna maneno ya zaidi ya miaka hamsini, na Ghaliya bado hajamaliza ya mwaka wa mwanzo.

Bibi yako,
Mwanamize